Kabla ya Kupakia Mzigo: Namna ya Kumjua Mwenye Lori

Soko la Kabati, katika sehemu ya Kitui Magharibi, liko kando ya barabara itokayo Kibwezi katika Kaunti ya Makueni, ipitayo Mutomo na mji wa Kitui, kisha ikaendelea Migwani. Barabara hiyo huunganisha njia kuu ya Mombasa na njia ya Garissa, kwa hiyo malori ya mbali hupita hapo pamoja na yale ya wenyeji. Wakati wa kuvuna ndengu, dalali humwendea mkulima akamwambia ya kwamba lori liko tayari, na mara nyingi mkulima huuliza neno moja tu: bei gani kwa gunia?

Yafaa aulize mengine mawili. Mwenye lori hili ni nani? Na je, lori lenyewe ni zima? Majibu ya maswali hayo hayatoki katika ofisi moja, na watu wengi huyachanganya. Mtu akionyeshwa cheti cha kampuni chenye muhuri hudhani ya kuwa serikali imekwisha kulikagua lori. Sivyo hata kidogo. Cheti hicho husema tu ya kwamba kampuni ilizaliwa na ina jina. Hakisemi neno lo lote juu ya breki.

Habari za kampuni hutunzwa na Idara ya Usajili wa Biashara, ambayo kwa herufi zake huitwa BRS. Kwa njia ya eCitizen, mtu aweza kulipa ada na kupata hati iitwayo CR12, inayotaja majina ya wakurugenzi wa kampuni na wenye hisa zake. Ikiwa biashara ni ya mtu mmoja aliyesajili jina tu, haina CR12, lakini jina la mwenyewe laweza kutafutwa katika daftari la idara iyo hiyo. Asiye na simu ya kufaa aweza kwenda Huduma Centre mjini Kitui. Jambo la kutazama ni hili: je, mtu anayeomba malipo ametajwa katika hati, au ana barua ya kumruhusu kutoka kwa waliotajwa? Kama sivyo, basi fedha zinakwenda kwa mtu mwingine, na siku ya kudai kampuni itasema haimjui.

Habari za lori ziko mahali pengine, kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, yaani NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. (Wazee wengi bado husema leseni ya TLB, kwa kukumbuka Bodi ya Leseni za Usafiri iliyokuwako kabla yake.) Kwa kutumia namba ya gari, mwenye mzigo aweza kuomba nakala ya habari za lori na kuona jina la mwenyewe, aina ya gari, na namba ya chesisi. Asishtuke akiona jina la benki pamoja na jina la mtu; lori lililonunuliwa kwa mkopo huandikwa hivyo mpaka deni liishe. La kushtua ni kuona gari la aina nyingine kabisa, au mwenyewe asiyehusiana kwa lo lote na jina lililopakwa rangi mlangoni. Huenda kampuni imekodi lori la mtu mwingine, jambo ambalo si kosa, lakini na liandikwe katika mapatano.

Magari yote ya biashara hupaswa kukaguliwa kila mwaka. Mwenye lori aombwe cheti cha ukaguzi, na tarehe yake isomwe. Hata hivyo cheti husema habari za siku ile ya ukaguzi tu; breki zilizokuwa njema mwezi wa Januari zaweza kuwa zimekwisha mwezi wa Juni, hasa kwa lori linalojazwa kupita kiasi. Hesabu yenyewe si ngumu: magunia 100 ya kilo 90 ni tani 9. Dereva akikubali kuongeza magunia juu ya uwezo wa lori lake, ameonyesha tabia yake mwenyewe.

Juu ya bima wengi wamepata hasara. Bima inayolazimishwa na sheria ni kwa ajili ya watu wengine wanaoumizwa au kuuawa na gari. Ndengu zikimwagika mtoni, bima hiyo haitoi hata senti moja kwa mkulima. Mzigo huhitaji bima yake ya safari, na mkulima aulize kabla ya kupakia ni nani atakayeilipia.

Sasa, je, mtu aweza kujua kama kampuni imepata ajali nyingi? Huko Marekani kila kampuni ya malori yaendayo jimbo hata jimbo ina namba iliyoandikwa ubavuni mwa lori. Mtu ye yote, bila malipo, huitumia namba hiyo kusoma katika daftari la serikali ajali za miezi 24 iliyopita, na ni mara ngapi malori ya kampuni hiyo yalizuiwa barabarani kwa ubovu. Daftari halisemi nani alikuwa na kosa katika ajali. Huku kwetu mwenye mzigo hulazimika kukusanya habari mwenyewe: aombe kampuni barua ya bima inayoonyesha madai ya miaka iliyopita, na azungumze na wateja watatu wanne waliosafirisha nao mwaka jana. Kampuni njema haichukizwi na maswali hayo.

Wala si shauri la mwenye mzigo peke yake. Tarehe 30 Juni 2023, lori lililobeba kontena liliacha njia katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, likagonga magari na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Watu zaidi ya 50 walikufa. Wengi wao hawakuwa na mzigo wo wote ndani ya lori lile. Na wauzaji wa Kabati pia huketi karibu na barabara. Sheria humkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24, basi yafaa kumwuliza dereva alitoka wapi, na saa ngapi, kabla ya kumjazia gari jioni.

Jambo moja husahauliwa hata na wafanya biashara wazoefu. Trela ina namba yake, inayoanza kwa herufi Z, mbali na namba ya kichwa cha lori, nayo ina usajili wake. Namba zote mbili ziandikwe katika hati ya mzigo, pamoja na jina la dereva na namba ya leseni yake, na nakala moja ibaki mkononi mwa mwenye mzigo kabla lori halijaondoka sokoni.