Lise Meitner: Mkimbizi aliyefumbua siri ya atomu, Nobel ikaenda kwa mwenzake

Julai 13, 1938, mwanamke wa miaka 59 alipanda treni mjini Berlin. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa bado maabara, ili mtu yeyote asishtuke. Mkobani alikuwa na mark 10 tu na pete ya almasi. Pete hiyo alipewa na mwenzake wa kazi, Otto Hahn: ikibidi, awahonge nayo walinzi wa mpakani.

Huyo ni Lise Meitner, profesa wa fizikia, mzaliwa wa Vienna.

Kosa lake? Kuzaliwa katika familia ya Kiyahudi. Wanazi walimnyang'anya haki ya kufundisha mwaka 1933, lakini uraia wake wa Austria ukamkinga kidogo. Machi 1938 Hitler akaimeza Austria, na pasipoti yake ikawa karatasi tu. Mwanasayansi wa Uholanzi, Dirk Coster, ndiye aliyesafiri naye hadi akavuka mpaka. Kutoka huko akaenda Sweden.

Kudharauliwa hakukuwa kugeni kwake. Alipofika Berlin mwaka 1907, wanawake hawakuruhusiwa kwenye maabara za taasisi aliyokuwapo Hahn. Akafanya kazi chini, kwenye chumba kilichokuwa karakana ya seremala, tena bila mshahara.

Desemba 1938, Hahn akamwandikia barua. Yeye na Fritz Strassmann walikuwa wameipiga urani kwa nyutroni, wakakuta bariamu. Hawakuelewa. Bariamu ina uzito unaokaribia nusu tu ya urani, sasa imetoka wapi?

Meitner alikuwa mapumziko ya Krismasi huko Kungälv, pamoja na mpwa wake Otto Frisch, naye mwanafizikia mkimbizi. Wakatoka kutembea kwenye theluji, wakaketi juu ya gogo na kupiga hesabu kwenye vipande vya karatasi. Jibu likapatikana: kiini cha atomu ya urani huweza kutetereka kama tone la maji, kikajivuta katikati na kupasuka vipande viwili. Vipande hivyo vikijumlishwa, uzito wake unapungua kidogo kuliko wa mwanzo. Kile kilichopungua kimegeuka nishati, na ni nishati kubwa ajabu kwa kitu kidogo kama atomu.

Hapo ndipo mitambo ya umeme wa nyuklia ilipoanzia. Na bomu pia. Meitner aliombwa kujiunga na mradi wa bomu, akakataa katakata. Hata hivyo, baada ya Hiroshima magazeti yalimwita mama wa bomu, jina lililomuudhi sana.

Nobel ya Kemia ya mwaka 1944 alipewa Hahn peke yake. Meitner alipendekezwa mara nyingi katika maisha yake na hakuwahi kuipata. Alifariki Cambridge, Uingereza, mwaka 1968.

Mwaka 1997 elementi namba 109 iliidhinishwa rasmi kuitwa meitneriamu. Hahn, pamoja na Nobel yake, hana elementi yenye jina lake.