Rodriguez ni mwana wa nani? Na jina la mama liko wapi?

Jina Rodriguez tunalisikia kwenye redio, katika mpira na katika filamu. Kule Marekani limeenea sana: katika hesabu ya watu ya mwaka 2010 lilikuwa la 9 kati ya majina yote ya jamaa. Wiki hii tuulize: maana yake ni nini, na linatufundisha nini sisi tunaowapa watoto majina?

Jina hili ni la Kihispania. Mwisho wake, -ez, maana yake ni "mwana wa". Basi Rodríguez ni mwana wa Rodrigo, kama vile Fernández ni mwana wa Fernando. Waingereza nao wana desturi hiyo: Johnson ni mwana wa John. Rodrigo lenyewe lilitoka katika lugha ya Wavisigothi, walioitawala Hispania zamani, nalo limeunganisha maneno mawili: sifa na uwezo.

Hapo kale jina la namna hii lilibadilika kila kizazi. Tumtazame shujaa Rodrigo Díaz wa Vivar, aliyefariki mwaka 1099. Watu walimwita El Cid, kutoka neno la Kiarabu sayyid, yaani bwana. Baba yake aliitwa Diego Laínez, maana alikuwa mwana wa Laín. Yeye akaitwa Díaz, mwana wa Diego. Mtoto wake naye akaitwa Diego Rodríguez. Baadaye majina hayo yaliacha kubadilika, yakawa ya jamaa nzima, hata kama baba haitwi tena Rodrigo.

Na mama je? Kwa desturi ya Wahispania mtoto anabeba majina mawili ya jamaa: la baba na la mama. Tena mwanamke akiolewa habadilishi jina lake. Mchoraji Pablo Ruiz Picasso alipata Ruiz kwa baba yake, maana yake mwana wa Ruy, ambalo ni Rodrigo kwa kifupi. Picasso, jina linalojulikana dunia nzima, ni la mama yake! Tangu mwaka 2017, huko Hispania wazazi wanapatana wenyewe jina lipi litangulie wanapomwandikisha mtoto.

Shida inaanza jina likiingia katika Kiingereza. Kwanza, alama iliyo juu ya í inaachwa. Pili, Waingereza na Wamarekani wamezoea jina moja tu la jamaa, na kwao ni lile la mwisho. Tuseme mtoto anaitwa Ana Rodríguez López. Karani mmoja anamwandika Ana Lopez. Jina la baba limeonekana kama la katikati tu. Mwingine anamwandika Ana Rodriguez. Jina la mama limepotea. Mtoto ni mmoja, lakini karatasi zinasema ni wawili. Ndiyo sababu jamaa nyingine huunganisha majina kwa kistari: Rodriguez-Lopez. Hata herufi moja ina uzito: Rodrigues, yenye s mwishoni, ni ya Kireno, na utaikuta kwa jirani zetu wa Angola.

Jambo hili linatugusa. Kwetu Kongo ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa: huyu la babu, yule la shangazi. Sisi tunaelewana. Lakini karani wa mbali, au askari wa mpakani, anaweza kumuuliza mama kama mtoto aliye naye ni wake kweli.

Kwa hiyo, wamama, tushike haya:

– Sheria yetu inataka mtoto aandikishwe kwenye etat civil ndani ya siku 90. Tusingoje.

– Baba na mama wapatane mapema juu ya majina, mpangilio wake na herufi zake, wayaandike kwenye karatasi, karani ayanakili.

– Kabla ya kutia sahihi, tusome herufi kwa herufi. Asiyejua kusoma aende na mtu anayemwamini.

– Kadi ya chanjo, cheti cha kuzaliwa na karatasi za shule ziwe na jina lilelile.

Katika mkutano ujao, kila mama alete karatasi za watoto wake, tuzilinganishe pamoja.