Mtoto Hupata Wapi Akili?



Wazazi wa huku kwetu Mbeya, na wa Iringa vilevile, hutuuliza mara nyingi: je, mtoto huzaliwa na tabia yake, au huipata kwetu? Swali hili ni la kale. Mtakatifu Agostino, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, aliandika katika Maungamo yake kwamba alimwona mtoto mchanga, asiyejua hata kusema, akimkazia macho ya kijicho mwenzake anyonyaye ziwa lilelile. Basi kwake moyo una kasoro tangu uchanga. John Locke wa Uingereza, mwaka 1693, alimfananisha mtoto na karatasi nyeupe. Rousseau naye, mwaka 1762, alinena ya kuwa mtoto huzaliwa mwema, watu ndio wamharibuo (naye watoto wake mwenyewe aliwapeleka katika nyumba ya watoto waliotupwa!).

Wazee wa Kinyakyusa, kule Rungwe, walitazama kwingine. Zamani mvulana alichunga ng'ombe pamoja na wenzake. Apatapo miaka 10 au 11 aliacha kulala kwa baba yake, akaenda kujenga kibanda katika kijiji cha rika lake. Kula walirudi kwa mama zao, kundi zima, leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Bibi Monica Wilson, aliyekaa kwao kabla ya Vita Kuu ya Pili na kuandika habari zao katika kitabu cha mwaka 1951, aliambiwa kwamba hekima hupatikana katika mazungumzo na wenzi. Ushirika huo mwema waliuita ukwangala.

Tena Jean Piaget wa Uswisi, katika kitabu chake cha mwaka 1932, alieleza jinsi alivyowachunguza watoto wachezao gololi. Aliona kwamba amri itokayo kwa mkubwa mtoto huiheshimu pasipo kujua sababu yake. Bali ile wanayopatana wao kwa wao huielewa.

Nasi tulikuwa tukimwamulia mwanetu kila ugomvi. Siku moja walicheza gololi uani, mmoja akasogeza mstari, makelele yakazuka. Tulikwisha kutoka na fimbo. Kabla hatujawafikia, mkubwa wao alisema, "Basi, tuanze upya, naye awe wa mwisho." Wote wakakubali, hata mwanetu, ambaye ndiye aliyeusogeza mstari.