Lugha rasmi ya Marekani: Mzigo umetwikwa nani?

Wapo Wakenya wengi, na baadhi yao ni watu waliobukua vitabu, ambao walishangaa mnamo Machi 1, 2025 walipopata habari kwamba Rais Donald Trump ametia sahihi amri ya kukifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani. Mshangao wenyewe haukutokana na amri hiyo. Ulitokana na kugundua kwamba hadi siku hiyo serikali kuu ya taifa hilo haikuwa na lugha rasmi hata moja. Katiba yao iliyoandikwa mwaka 1787 haitaji suala la lugha kabisa.

Ukimya huo haukumaanisha kwamba watu wote walizungumza Kiingereza. Pennsylvania ilikuwa imejaa wakulima wa Kijerumani, na Bunge lililoongoza vita vya kujikomboa kutoka kwa Mwingereza lilichapisha baadhi ya nyaraka zake kwa Kijerumani ili wakulima hao wazielewe. Hapakuwa na ukarimu wowote katika jambo hilo. Serikali ilipomhitaji mtu, ilimwendea kwa lugha anayoifahamu.

Wala manung'uniko dhidi ya wageni na lugha zao si jambo la jana. Mwaka 1751 Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa taifa hilo, alilalamika kwa maneno makali kwamba Wajerumani kutoka eneo la Palatinate wangeigeuza Pennsylvania kuwa ya Kijerumani kabla ya wao wenyewe kugeuzwa Waingereza. Kwa taarifa ya msomaji, Palatinate ndiko kilipo kijiji cha Kallstadt, alikozaliwa Friedrich Trump, babu yake rais huyu, aliyehamia Marekani mwaka 1885. Mamake rais, Mary Anne MacLeod, alilelewa katika kisiwa cha Lewis huko Uskoti, mahali ambapo lugha ya nyumbani ilikuwa Kigaeli. Sisemi haya kwa kejeli. Nayasema kwa sababu ukoo huo wenyewe ni ushahidi kwamba Kiingereza huwameza wajukuu wa wageni bila kuhitaji amri ya mtu yeyote.

Basi amri hii ina kazi gani? Ili tujibu swali hilo yafaa kwanza tuelewane juu ya istilahi. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huniambia kwamba lugha rasmi ni lugha ambayo raia analazimika kuijua. Huwa nawasahihisha mapema kabla dhana hiyo haijaota mizizi. Lugha rasmi ni wajibu wa serikali. Ni ahadi kwamba ofisi itaandika, itasikiliza na itajibu kwa lugha fulani iliyotajwa. Ibara ya 7 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 inaposema kwamba lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza, haimwamuru mzee wa Kitui au Lodwar aongee chochote. Inaiamuru ofisi. Kwamba ofisi zetu zimeitii amri hiyo nusunusu, na kwamba miswada ya sheria bado inaandikwa kwa Kiingereza, hilo ni deni la serikali wala si kosa la mzee yule.

Kwa kipimo hicho, amri iliyofanya kazi halisi ya lugha rasmi nchini Marekani ilikuwa ile ya Rais Bill Clinton ya Agosti 11, 2000, ingawa haikuitangaza lugha yoyote kuwa rasmi. Iliziagiza idara za serikali, pamoja na hospitali, shule na mashirika yanayopokea fedha za serikali kuu, zitafute njia ya kuwafikia watu wasiokimudu Kiingereza. Msingi wake ulikuwa Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 inayokataza ubaguzi kwa sababu ya asili ya taifa la mtu, na vilevile uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1974 katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols. Katika kesi hiyo watoto wapatao 1,800 wa Kichina katika shule za San Francisco walikuwa wakifundishwa kwa lugha wasiyoielewa na bila msaada wowote. Majaji wote walikubaliana kwamba kumpa mtoto dawati, kitabu na mwalimu sawasawa na wenzake si usawa ikiwa hasikii kinachosemwa.

Amri ya Machi 2025 iliifuta ile ya Clinton. Hapa inatupasa kuwa waadilifu, kwani wako walioandika kana kwamba Trump amepiga marufuku lugha nyingine. Hakupiga. Amri inasema waziwazi kwamba wakuu wa idara hawalazimiki kuacha kuchapisha nyaraka kwa lugha nyingine. Wao wenyewe wataamua. Na huo ndio uhodari wa aliyeiandika. Mkalimani hakufukuzwa mlangoni. Ameambiwa tu kwamba kuwapo kwake sasa kutategemea hiari ya bwana mkubwa. Julai mwaka huohuo Mwanasheria Mkuu, Pam Bondi, alitoa mwongozo wa kuzitaka idara zipunguze huduma za lugha nyingi zinazoonekana si za lazima. Kilichokuwa haki kimegeuzwa hisani, na hisani, tofauti na haki, haina mahali pa kukatiwa rufaa.

Ni akina nani wanaoguswa? Hesabu za serikali ya Marekani zilionyesha kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 68, yaani mmoja kati ya kila watano, walizungumza lugha nyingine isiyokuwa Kiingereza nyumbani mwao. Wengi wao wanakijua Kiingereza vizuri sana. Wanaobaki ni wale ambao umri, kazi za usiku au ukimbizi umewanyima nafasi ya kujifunza, na hao ndio wanaohitaji ofisi kuliko wengine. Mkalimani wa hospitali asipokuwapo, anayekalia kiti chake ni mtoto. Mtafiti yeyote wa isimujamii aliyewahi kuchunguza familia za wahamiaji anaijua hali hii: msichana wa miaka kumi na moja anatolewa shuleni ili amweleze mamake maneno ya daktari, na maneno yenyewe ni ya uvimbe katika matiti. Mtoto hana msamiati huo katika lugha ya mamake, na hata angekuwa nao asingethubutu kuutamka. Atasema kitu kingine. Daktari ataandika kwenye faili kwamba mgonjwa ameelezwa.

Watetezi wa amri hii wana hoja mbili, na si za kupuuzwa. Wanasema lugha moja huliunganisha taifa, na kwamba mgeni akitafsiriwa kila kitu hatajifunza. Hoja ya kwanza sisi wa Afrika Mashariki tunaielewa kuliko wengi. Tanzania ilijengwa kwa Kiswahili. Lakini Mwalimu Nyerere aliieneza lugha kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Amri ya Marekani haikufungua darasa hata moja la Kiingereza wala haikutenga dola hata moja kwa ajili ya walimu. Ama hoja ya pili, ushahidi wa vizazi unaipinga. Babu hufika na lugha yake, mtoto huongea mbili, mjukuu huongea Kiingereza pekee na kumjibu bibi kwa kutikisa kichwa. Wataalamu wa lugha wamelieleza jambo hili kwa miongo mingi, na ndilo lililowapata Wajerumani, Waitaliano na Wapolandi wa Marekani.

Kuna mwenzetu wa taaluma hii aliyeliona jambo hili kwa jicho jingine. Samuel Hayakawa, mzaliwa wa Canada wa wazazi Wajapani, alikuwa msomi wa semantiki kabla ya kuwa seneta wa California. Ndiye aliyewasilisha mwaka 1981 pendekezo la kuifanyia katiba marekebisho ili Kiingereza kiwe lugha rasmi. Pendekezo halikupita, lakini likazaa kampeni ambayo imeyafanya majimbo zaidi ya 30 leo kuwa na sheria za namna hiyo. Ni dhahiri kwamba elimu ya isimu haimkingi mtu na siasa.

Yaliyotokea pale serikali ilipotaka kuharakisha mambo yameandikwa katika historia. Mnamo Mei 1918, vita vya kwanza vya dunia vikiwa vimepamba moto, Gavana William Harding wa jimbo la Iowa alitoa tangazo kwamba Kiingereza pekee ndicho kitakachotumika shuleni, katika mazungumzo ya hadharani, ndani ya treni, makanisani na hata katika simu. Ndiyo, simu! Walengwa walikuwa Wajerumani, lakini tangazo liliwafunga midomo Wadenmaki, Wanorwe na Wacheki pia, ambao wana wao walikuwa wakipigana upande wa Marekani. Wakati huo laini moja ya simu ilitumiwa na nyumba nyingi, kwa hiyo jirani alisikiliza na jirani akashtaki. Wanawake wa mashambani walitozwa pesa kwa kuongea Kijerumani na marafiki zao. Tangazo liliondolewa mwishoni mwa mwaka huo. Katika jimbo jirani la Nebraska, mwalimu mmoja, Robert Meyer, alitozwa faini ya dola 25 kwa sababu alimfundisha mtoto wa miaka kumi kusoma kwa Kijerumani. Alikataa kukubali kosa, na mwaka 1923 Mahakama ya Juu ikampa ushindi kwa kura saba dhidi ya mbili, ikieleza kwamba ulinzi wa katiba unawafikia wanaozungumza lugha nyingine kama unavyowafikia waliozaliwa na Kiingereza mdomoni.

Nalikumbusha jambo hilo kwa sababu mahakama hiyohiyo ilitoa uamuzi mwingine mnamo Septemba 8, 2025. Maafisa wa uhamiaji walikuwa wakiwasimamisha watu huko Los Angeles, na Julai jaji wa mahakama ya chini akawazuia wasimsimamishe mtu kwa kutegemea tu sura ya asili yake, aina ya kazi yake, mahali alipokutwa, au kuongea kwake Kihispania au Kiingereza chenye lafudhi. Serikali ikakimbilia Mahakama ya Juu, nayo, majaji watatu wakipinga, ikalisimamisha zuio hilo wakati kesi inaendelea.

Kiingereza chenye lafudhi! Hebu msomaji ayatafakari maneno hayo. Katika isimu hakuna binadamu asiye na lafudhi. Mzungumzaji wa Texas anayo, wa Boston anayo, na rais mwenyewe, mzaliwa wa Queens katika jiji la New York, anayo. Kinachoitwa lafudhi na afisa wa barabarani ni lafudhi ya mtu asiyetakiwa. Wasomaji wa Biblia wanakijua kisa cha Waamuzi sura ya 12: watu wa Gileadi wakiwa kwenye vivuko vya Yordani, wakimwambia kila apitaye atamke Shibolethi, na aliyesema Sibolethi akauawa. Sitaki kulinganisha kituo cha mabasi cha Los Angeles na mto ule wa damu. Ila kanuni ya upimaji ni ileile. Na tazameni inavyomgeukia mhamiaji aliyetii: ameambiwa ajifunze Kiingereza, amejifunza, anakiongea, na sauti yake ndiyo inayotumiwa kumtilia shaka.

Kuhusu madereva wa malori sina ugomvi mkubwa. Kanuni ya kwamba dereva awe na Kiingereza cha kusoma alama za barabarani ni ya zamani, na usalama ni hoja nzito. Tangu Juni 25, 2025 anayeshindwa huondolewa barabarani papo hapo, jambo ambalo lilikuwa limelegezwa mwaka 2016. Ninachouliza ni nani anayepima. Kupima umilisi wa lugha ni taaluma ya watu, wala si kazi ya kufanywa kando ya barabara kuu huku injini inanguruma.

Lipo na tukio ambalo lilitugusa sisi huku moja kwa moja. Wiki mbili baada ya amri ya Kiingereza, yaani Machi 14, 2025, rais alitia sahihi amri nyingine ya kulipunguza shirika linalosimamia Sauti ya Amerika, na kesho yake wafanyakazi zaidi ya 1,300 wakaambiwa wakae nyumbani. Idhaa ya Kiswahili, ambayo wazee wetu waliisikiliza kwa redio za mawe tangu miaka ya sitini, ilinyamaza. Kituo hicho kilipoanza Februari 1942, lugha ya matangazo yake ya kwanza ilikuwa Kijerumani, lugha ya adui, kwa kuwa Marekani ya wakati ule ilikuwa na jambo la kumwambia.

Jimbo la Iowa, lile la Gavana Harding, lilijipatia sheria yake ya lugha rasmi mwaka 2002. Katika mji wa Iowa City leo wanaishi wakimbizi wengi kutoka Kongo, na lugha inayowaunganisha Wabembe, Wafuliiru na Wabanyamulenge miongoni mwao ni Kiswahili. Wanapigiana simu kwa Kiswahili bila ya kushtakiwa na jirani. Barua ya shirika la nyumba ikifika, humngoja mtoto atoke shuleni.