Fahamu: Athari ya Mpemba na hesabu za spektra

Athari ya Mpemba ni hali ya maji ya moto kuganda kabla ya maji baridi.

Ilianzia wapi?

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba, alihofia kukosa nafasi kwenye jokofu, akaingiza maziwa yake ya aiskrimu yangali moto. Yakaganda mapema. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni, Denis Osborne, kwa nini hutokea hivyo, wenzake wakacheka. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo yao.

Spektra inaingiaje?

Kitu hupoa kwa mikondo mingi kwa pamoja, kila mmoja na kasi yake. Mkusanyiko wa kasi hizo ndio spektra. Wanasayansi Zhiyue Lu na Oren Raz walionyesha mwaka 2017 kwamba kitu chenye joto zaidi, kikiwa na sehemu ndogo zaidi ya mkondo wa polepole, huweza kutangulia kupoa. Kuhusu maji yenyewe, wanasayansi bado wanabishana.