Kutoka Arua Hadi Bonde la Bujuku: Maandalizi ya Safari ya Mlimani

Jamaa nyingi za Arua na Koboko huzijua safu za Rwenzori kwa habari za vita. Waasi wa ADF waliifanya hifadhi ya milima hiyo ifungwe mwaka 1997, na wapo wazee wetu waliozikwea njia zake wakiwa na bunduki begani. Hifadhi ilifunguliwa tena mwaka 2001. Leo watoto wa askari hao wanatamani kupaona mahali walipopasikia katika masimulizi ya nyumbani, nasi twaona ni shauri jema, mradi litayarishwe mapema.

Bonde la Bujuku limo katikati ya vilele vya Stanley, Speke na Baker. Mna ziwa, mna lobelia zipitazo kimo cha mtu, na miti inayoning'iniza nyuzi za kijani kama ndevu za wazee. Hakuna haja ya kuendelea hadi kilele cha Margherita, chenye mita 5,109. Huko ni kazi ya kamba na barafu, na barafu yenyewe inayeyuka: mwaka 1906 ilienea kilomita za mraba zipatazo 6.5, na kufikia mwaka 2003 haikutimia hata kilomita moja. Bonde peke yake latosha kuwa safari ya maisha.

Wakati ufaao ni mwishoni mwa Desemba hadi Februari, au Juni hadi Agosti, ingawa mvua ya Rwenzori haina miadi na mtu. Kwa watu wa West Nile, Desemba na Januari hufaa zaidi: mavuno yako ghalani na shule zimefungwa. Aliye Koboko atashuka Arua kwa lami, na kutoka hapo msafara utapita daraja la Pakwach, Karuma, Masindi, Hoima na Fort Portal hadi Kasese. Ni vyema kulala njiani. Anayeanza kupanda akiwa na uchovu wa basi amejipunguzia nguvu kabla ya hatua ya kwanza.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, yaani hesabu ya vimo. Mji wa Arua uko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Lango la Nyakalengija liko mita 1,646. Kituo cha kwanza, Nyabitaba, mita 2,651. Cha pili, John Matte, mita 3,414. Na kibanda cha Bujuku mita 3,962. Waganga hushauri kwamba mtu akishapita mita 3,000, kimo cha malazi yake kisizidi cha usiku uliotangulia kwa zaidi ya mita 500 hivi. Msomaji akitoa hesabu ataona kwamba kutoka Nyabitaba hadi John Matte pekee ni mita 763. Kwa hiyo laleni John Matte siku mbili. Siku ya pili tembeeni hadi kwenye matope ya Bigo, kisha mrudi kulala palepale. Safari nzima itachukua siku sita au saba. Mwenye likizo ya siku nne asiifupishe. Na aingoje likizo nyingine.

Ugonjwa wa mlimani huanza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na kukosa usingizi. Mwenye dalili hizo asipande zaidi mpaka zimtoke. Akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hali ameketi, ateremshwe saa ileile, hata kama ni usiku. Wala misuli haimkingi mtu. Kijana akimbiaye kila alfajiri kambini aweza kuanguka, na mama yake aendaye polepole akafika salama. Tena kijana huyo ndiye mwenye hatari zaidi, kwa kuwa amefundishwa kuvumilia na ataona haya kusema kwamba kichwa kinamuuma. Akiwa mbele ya afande wake ataona haya maradufu.

Ndiyo maana twashauri cheo kiachwe Arua. Kabla ya kuondoka kubalianeni kwamba neno la kiongozi wa njia, ambaye mara nyingi ni Mkonzo aliyezaliwa chini ya milima ile, ndilo la mwisho. Akisema rudi, sajini atarudi na mkuu wa kituo cha polisi atarudi. Mweleweshane hivyo mezani, mbele ya wake na watoto, ili asiwepo wa kubishana huko juu.

Kuna jambo la damu pia. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande. Na aliyeirithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, ambaye nyumbani hajapata kuugua, aweza kushikwa na maumivu makali ya bandama, ubavuni kushoto, akifika juu. Pimeni damu hospitalini kabla ya kulipa nauli. Vilevile West Nile ni nchi ya malaria, na homa ya kuumwa na mbu wa Arua yaweza kumzukia mtu siku ya nne mlimani, akadhani ni ubaridi. Chukueni vipimo na dawa, kwa ushauri wa mganga. Mtoto asiyeweza kueleza maumivu yake abaki kwa bibi.

Kina mama wapimao chakula wajue kwamba kwenye kibanda cha Bujuku maji huchemka kwenye nyuzi 87 hivi, basi maharagwe yatamaliza mafuta bila kuiva. Unga wa uji, karanga zilizosagwa, na angara mkavu aliyekwisha pondwa vitafaa zaidi. Viatu ni gambuti, kwa sababu matope ya Bigo hufika magotini na buti za ngozi hazikauki. Usiku ni baridi ya kuganda: sweta mbili, kofia ya sufu na soksi za akiba. Raia asivae nguo za madoadoa ya jeshi, hata akiazimwa na kaka yake. Ni kosa la jinai.

Wenye nia waanze mazoezi karibu na nyumbani. Wa Arua wana Wati, wa Koboko wana Liru, milima ambayo masimulizi ya Walugbara huitaja pamoja na mashujaa Jaki na Dribidu. Ombeni ruhusa kwa wazee wa hapo kwanza. Pandeni mkiwa na mizigo yenu, kila wiki, kwa miezi miwili.

Mwezi mmoja kabla, ulizeni kwa Mamlaka ya Wanyamapori hali ya usalama, kwani mwezi Oktoba 2023 watalii wawili na kiongozi wao waliuawa katika hifadhi jirani ya Queen Elizabeth. Ulizeni pia ada ya raia, iliyo nafuu kuliko ya mgeni, na mchukue vitambulisho. Kisha andikeni majina, vituo vya kulala na tarehe ya kurudi katika karatasi mbili: moja ibaki langoni Nyakalengija, ya pili kwa aliyebaki nyumbani.