Maharagwe Kabla ya Kupanda Mkarafuu



Msimu wa kuchuma unapokaribia, kila mwenye shamba hufikiri juu ya kamba, magunia, majamvi na malipo ya wachumaji. Chakula cha asubuhi hufikiriwa mwisho, na mara nyingi huwa ni chai ya sukari na kipande cha boflo. Twaona jambo hili lataka kutazamwa upya. Mkarafuu ni mti mrefu na matawi yake ni mepesi kuvunjika. Mtu anayetetemeka kwa njaa hafai kuwa juu yake.

Chai ya sukari na mkate mweupe havikai tumboni. Sukari hupanda upesi katika damu, kisha hushuka, na ikifika saa nne mchumaji huona njaa tena. Maharagwe hayana haraka hiyo. Yana nyuzinyuzi nyingi, na wanga wake huyeyuka polepole, hivyo nguvu yake humfikia mtu kidogo kidogo. Mwaka 1981 Daktari David Jenkins na wenzake wa Toronto, Kanada, walivipanga vyakula kwa jinsi vinavyopandisha sukari ya damu, na maharagwe na jamaa zake vilionekana kuwa miongoni mwa vinavyopandisha polepole kabisa.

Tena maharagwe ni chakula cha kujenga mwili. Katika kila gramu 100 za maharagwe makavu, gramu 20 na zaidi ni protini, na madini ya chuma yamo pia. Yakiliwa na mkate au chapati, kila kimoja hukamilisha upungufu wa mwenzake. Kilo moja ya maharagwe makavu ikipikwa huzidi kilo mbili, nayo yatosha watu kumi. Nani atapata nyama ya watu kumi kwa bei hiyo?

Wala hili si jambo geni. Mbaazi za nazi kwa mandazi ni chakula cha asubuhi cha pwani yetu tangu zamani, na huko Misri watu huanza siku kwa fuli, ambazo nazo ni jamaa za maharagwe.

Wapo watakaouliza: nani ataamka usiku wa manane kuyapika? Jibu ni kuyaloweka tangu jioni, maana yaliyolowekwa huiva mapema na hupunguza kuni. Asiyekuwa na nafasi hiyo na apike choroko au kunde, ambazo huiva upesi zaidi. Wanaoogopa kujaa upepo tumboni waanze na kiasi kidogo, tumbo huzoea.

Twaomba mpishi ashike mambo matatu haya:

Kwanza, maji ya kulowekea yamwagwe, na maharagwe yachemshwe kwa maji mapya. Maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili, na hata machache yaweza kumtapisha mtu na kumharisha. Yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 30, kisha yaendelee mpaka yalainike. Kuyaacha juu ya makaa bila kutokota hakutoshi.

Pili, tui litiwe mwisho, na chungu kiliwe asubuhi ile ile. Tui huchacha upesi katika joto letu, na mchumaji mwenye tumbo la kuendesha ni hasara kwake na kwa shamba.

Tatu, chai ya rangi inywewe baadaye kidogo, si pamoja na chakula, kwa sababu chai huuzuia mwili kupata chuma kilichomo katika maharagwe. Lakini ndimu iliyokamuliwa juu ya bakuli huusaidia mwili kukipata.

Mwanachama atakayesema kuwa huko ni kuongeza gharama na apige hesabu yote. Mchumaji akishuka mapema kwa njaa, karafuu hubaki mtini, na ikichanua thamani yake imekwenda. Na akianguka, hakuna hesabu itakayomrudishia mguu wake, wala itakayowalisha watoto wake. Kibaba cha maharagwe ni rahisi kuliko hayo yote.

Basi msimu huu, kamba zikikaguliwa, na chungu nacho kikaguliwe. Mchumaji na apande akiwa ameshiba.